Maziwa ya Mbuzi Yanapomwagwa

Nilipowasili nyumbani Meru mwezi wa Desemba uliopita, nilimkuta mama mzazi ameinama nyuma ya jiko, akimimina maziwa katika sahani ya mbwa. Yalikuwa maziwa meupe pepepe, aliyoyakama alfajiri ile ile. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, humu nyumbani ni mimi na mjukuu mmoja. Chai tumekunywa. Majirani nimewapa mpaka sasa wanajificha wakiniona na kibuyu. Siku ya soko namwuza huyu mkubwa, nipumzike."

Huyo mkubwa ni mbuzi chotara wa Toggenburg, aina yenye asili ya Uswisi ambayo mradi wa FARM-Africa ulioanza mwaka wa 1996 uliieneza sana katika wilaya zetu. Yeye na mwenziwe hutoa lita nne kwa siku. Wanunuzi wa maziwa kijijini hupokea ya ng'ombe tu. Na ni wana wa mbuzi huyu waliomlipia kitinda mimba wetu karo ya sekondari. Kumwuza ni sawa na kuifunga benki ya mama.

Nami, kwa kuwa ni daktari (japo wa isimu), nikajitia ubingwa. Nilishauri tuyaache maziwa usiku kucha, tuengue malai, tupige siagi. Kulipokucha nilikuta utando mwembamba usiotosha kupaka hata kipande kimoja cha mkate. Mama alicheka mpaka akaketi. Kumbe chembe za mafuta katika maziwa ya mbuzi ni ndogo mno, wala hazishikamani upesi na kupanda juu kama za ng'ombe.

Fedheha hiyo ilinirudisha vitabuni, na humo nikakutana na taaluma yangu. Harufu inayowakimbiza majirani hutokana hasa na asidi tatu za mafuta: kaproiki, kapriliki na kapriki. Majina yote matatu yamezaliwa na neno la Kilatini capra, yaani mbuzi. Harufu hiyo huzidi maziwa yasipopozwa mapema, au beberu anapolala karibu na wanaokamwa. Mama alikuwa amemweka beberu zizi moja na wake zake! Tulimhamisha siku hiyo hiyo.

Waama, wazee wetu walijua la kufanya na maziwa yaliyozidi. Jina la mala tunalolisoma kwenye pakiti za dukani ni ufupisho wa maziwa lala, nayo ndiyo maelezo yote ya upishi: maziwa yalilazwa. Wakalenjin huyagandisha maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, wakapata mursik, kinywaji wanacholakiwa nacho wanariadha wetu wakirejea Eldoret na ushindi. Mgando wa maziwa ya mbuzi huwa laini na mwepesi kuliko wa ng'ombe. Asiyejua hili hudhani umeharibika, akaumwaga.

Lililomfaa mama zaidi ni jibini. Lita nne hupashwa moto hadi zikaribie kutokota, sufuria ikaepuliwa, kisha maji ya malimau manne au matano yakatiwa polepole huku yakikorogwa. Maziwa hukatika papo hapo. Huchujwa kwa kitambaa safi, yakatiwa chumvi, na kitambaa kikaning'inizwa saa chache. Hubaki karibu nusu kilo ya jibini nyeupe, na yale maji ya manjano hukandia unga wa chapati.

Hapa sharti niwaonye wanafunzi wanaosifu maziwa mabichi kwa ushujaa. Mbuzi huweza kubeba viini vya bruselosi, homa isiyotibika kwa siku mbili tatu. Yachemsheni kwanza, hata yale mnayokusudia kuyalaza. Wala mtoto asiyetimiza mwaka asiachishwe ziwa la mama apewe haya; yana upungufu wa folate, vitamini inayohitajika katika kuunda damu.

Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza asili ya neno jibini. Wengi hutaja Kiarabu mara moja. Nilipouliza nani amewahi kuitengeneza, darasa zima lilinyamaza, wakiwemo waliolelewa penye mazizi. Walimu wa Kilimo na wa Sayansi Kimu mnaonisoma, sufuria, limau na kitambaa havihitaji maabara. Nami mwalimu wa lugha sijitoi lawamani, maana nimefundisha nomino hiyo miaka mingi bila kuionja.

Nilipopiga simu Jumapili iliyopita, mama aliniambia kitambaa kinaning'inia kwenye mparachichi, mbwa ameketi chini yake akitazama juu, na jirani mmoja amekuja kuuliza bei. Kuhusu yule mbuzi mkubwa, alisema soko limempita mara mbili, na kwamba la tatu ataliangalia litakapofika.