Boliti Iliyoshika Kutu Haishindwi kwa Misuli

Barabara ya Kibwezi hadi Kitui, kupitia Ikutha na Mutomo, leo ni lami. Land Rover kuukuu ambazo bado zinapita humo zilizoea mambo mengine: vumbi jekundu, mchanga wa mito mikavu, na tope la mvua za Novemba. Ingia chini ya mojawapo ukitaka kubadilisha springi, utakutana na boliti zilizogandamana na nati zake kana kwamba zilizaliwa pamoja.

Wageni hushangaa: kutu imetoka wapi katika nchi kame kama hii? Chuma hakihitaji bahari ili kioze. Kinahitaji oksijeni na unyevu kidogo, na tope lililojibana kwenye pembe za chesisi hukaa na unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Tena, visima vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi. Gari likioshwa kwa maji hayo, chumvi huurahisishia umeme wa kikemia kupita, na kutu hukimbia zaidi.

Kutu nayo inataka nafasi. Ujazo wake ni mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila. Ndani ya meno ya boliti nafasi hiyo haipo, kwa hiyo kutu hujisokota na kukaza kila upande.

Land Rover ina tatizo lake jingine, la tangu kuzaliwa. Ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza, iliyotoka vitani juzi tu, ilikuwa na uhaba wa chuma. Bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesiamu, huku chesisi na boliti nyingi zikibaki za chuma. Metali mbili zikigusana penye maji ya chumvi huwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe kuzunguka boliti za bodi ndio ushahidi. Kwa hiyo anayejisifu kwamba Land Rover yake haiozi, amesema nusu ya ukweli.

Sasa spana. Gari nyingi za zamani zilifungwa kwa vipimo vya inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 huingia vizuri tu, kisha huteleza na kuvila vile vipembe vya kichwa. Boliti nyingi huharibiwa hapo, si na kutu.

Kwanza safisha meno yanayoonekana kwa brashi ya waya. Tia mafuta mepesi yanayopenya, uache usiku kucha; mafuta mazito hayaingii kwenye ufa mwembamba. Gonga kichwa kwa nyundo ili kutu ipasuke. Kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza, uende mbele na nyuma.

Ikikataa, moto. Ipashe nati, si boliti. Chuma hutanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja ya selsiasi. Nati yenye tundu la milimita 10 ikiongezewa digrii 300, tundu hupanuka milimita 0.036. Ni kama nusu ya unene wa unywele, na mara nyingi inatosha, kwa sababu kutu haitanuki sawasawa na chuma na hupasuka. Kichwa kikikatika, mafundi wa jua kali huchomelea nati mpya juu ya kisiki. Joto la kuchomelea hufanya nusu ya kazi. Naiona njia hiyo bora kuliko kutoboa na kuingiza kile chuma kigumu cha kung'olea, ambacho kikivunjikia ndani, drili ya kawaida haikiwezi.

Lakini moto una masharti. Katika Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele: liondoe kwanza. Boliti iliyopakwa zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa, basi fanyia kazi mahali penye upepo.

Unaporudisha boliti, paka grisi kwenye meno, ila usikaze kwa nguvu ile ile ya zamani. Kwenye boliti kavu, takriban asilimia 90 ya nguvu ya spana huliwa na msuguano. Grisi ikiupunguza, nguvu hiyo huivuta boliti yenyewe, na inaweza kukatika ikiwa mpya.