Saa yako sasa inajua kusema 'pumzika leo'

Kama hukimbia ukiwa na saa janja mkononi, unaijua ile raha ya kufunga pete zote tatu jioni. Siku 10, siku 30, siku 40 bila kukosa hata moja. Unapiga picha, unaposti, marafiki wanakupa tano. Lakini niambie ukweli: ni mara ngapi umetoka kukimbia ukiwa na homa, au mguu ukiuma, eti usivunje rekodi?

Mimi yalinipata. Wiki ya sita muundi wa kulia ulianza kuuma, nikajiambia utazoea. Siku ya 47 nilishuka ngazi za ploti nikishikilia ukuta kama mzee. Nilikaa wiki tano bila kukimbia. Na siku hiyo saa ilikuwa bado inanipongeza!

Ndiyo maana watchOS 11, programu ya Apple Watch iliyotoka Septemba 2024, ilinigusa. Inakuruhusu kusimamisha pete kwa siku, wiki au mwezi, na rekodi yako inabaki palepale. Jambo dogo, lakini wengi tulilingoja miaka.

Kubwa zaidi ni Training Load, yaani mzigo wa mazoezi. Ukimaliza kukimbia unaipa saa alama, 1 hadi 10, kueleza ulivyojikaza. Kisha inalinganisha siku zako 7 za mwisho na siku 28. Ukipandisha mzigo ghafla, inakuonyesha. Na hapo ndipo wengi huumia: ulikuwa unakimbia kilomita 15 kwa wiki, umejisajili nusu marathon, sasa unataka 40 mara moja. Usidanganye kwenye hizo alama, lakini. Ukiandika 4 ilhali ulikuwa unahema barabara nzima, hesabu yote ni bure.

Ukilala nayo, sehemu ya Vitals hupima mapigo ya moyo, pumzi, joto la mkono na usingizi. Mambo mawili au zaidi yakienda kombo, asubuhi unapata taarifa.

Wa Samsung nao hawajaachwa. One UI 8 Watch ya 2025 ilileta Running Coach: unakimbia dakika 12 za majaribio, inakupa ngazi kati ya 1 na 10, halafu inakupangia mazoezi.

Kabla hujanunua ya mitumba pale tao, uliza ni toleo gani. Apple Watch Series 5 kurudi nyuma haipokei watchOS 11, hata muuzaji akiapa.

Na usiiamini saa kama daktari. Mkanda ukilegea, mapigo yanasomwa vibaya. Ukaze kidogo, juu ya mfupa wa kiungo cha mkono. Tena ukitoka Mombasa ukaja kukimbia Karura, mwendo uleule utapandisha mapigo, maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Si eti umekuwa mnyonge. Punguza kasi siku za kwanza, fuata mapigo badala ya mwendo.

Kama mguu unakuuma hata sasa, fungua Activity kwenye saa, ingia muhtasari wa wiki, shuka chini hadi Pause Rings. Chagua wiki nzima.