Tairi la Mita 402 na Safari ya Kurudi Nyumbani

Mwaka 2018 kampuni ya Dodge iliuza gari liitwalo Challenger SRT Demon, lenye nguvu ya farasi 840 likitiwa petroli ya mashindano. Lilitoka kiwandani likiwa limevishwa matairi ya Nitto NT05R ya saizi 315/40R18. Sheria ya Marekani inayaruhusu barabarani, lakini yametengenezwa kwa kuondoka kwa kasi kwenye mstari ulionyooka. Gari hilo lilimaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 9.65. Watu wengi walizungumza kuhusu injini. Mimi niliinama kutazama matairi, kwa sababu farasi 840 juu ya matairi ya kawaida hutoa moshi mwingi na mwendo mdogo.

Wasomaji wetu walioko Marekani wanaufahamu utamaduni wa dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka. Jioni, kiwanja cha dragi hufunguliwa kwa yeyote mwenye leseni na gari lililopita ukaguzi. Unalipa kiingilio, unapanga foleni, taa inawaka kijani, unakimbia. Kisha gari lilelile linakurudisha nyumbani, na kesho asubuhi linakupeleka kazini. Swali linalonifikia tena na tena ni hili: nifunge matairi gani yatakayonifaa kotekote? Jibu langu huanzia kwenye barabara ya kurudi nyumbani, hasa usiku ambao mvua imeanza kunyesha.

Tuanze na mpira wenyewe. Mpira laini uliopata joto hujibana ndani ya vishimo vidogo vya lami na kunata kwenye mawe yake. Ndiyo sababu viwanja vya dragi hupuliziwa dawa ya gundi pale magari yanapoondokea, na madereva huzungusha magurudumu ya nyuma gari likiwa limesimama palepale kabla ya kukimbia ili kuyapasha joto. Kadiri mpira unavyokuwa laini ndivyo unavyoshika, na ndivyo unavyolika. Matairi yanayouzwa Marekani huandikwa ubavuni namba ya kiwango cha kulika, inayotokana na msafara wa majaribio wa maili 7,200 katika barabara za Texas. Tairi la kawaida la familia huwa na 400, 500 au zaidi. Matairi mengi ya dragi yanayoruhusiwa barabarani yameandikwa 00. Ukiiona namba hiyo, usitarajie yadumu hata robo ya maisha ya yale uliyoyazoea.

Jambo la pili ni uzito. Gari linapochomoka, uzito wake hurudi nyuma. Chukua gari la kilo 1,600, ambalo kitovu cha uzito wake kiko nusu mita juu ya ardhi na lenye mita 2.7 kati ya ekseli zake mbili. Likiongeza kasi kwa nguvu sawa na mvutano wa dunia, takriban kilo 300 huhama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hufaidika. Linalovutwa na ya mbele hupoteza uzito palepale linapouhitaji, na ndiyo maana matairi mazuri ya dragi hufungwa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, popote yalipo.

Hapo ndipo upepo unapoingia. Tairi linalobeba kilo 500 likiwa na paundi 30 za upepo hugusa ardhi kwa eneo la kama sentimita za mraba 240, pungufu ya nusu ya karatasi ya A4. Ushushe upepo hadi paundi 18, na eneo hilo linakaribia sentimita za mraba 400. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini inaeleza kwa nini kila dereva wa dragi hutembea na geji mfukoni. Pia inaeleza kwa nini wanapenda rimu ndogo na tairi lenye ubavu mrefu: ubavu ule hukunjamana gari linapoondoka na kumeza mshtuko ambao vinginevyo ungelifanya tairi liteleze.

Mafundi wa Marekani hugawanya matairi haya kwa jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Tairi ambalo nyuzi zake hupita mshazari lina ubavu unaonyumbulika sana. Linasamehe makosa, na linafaa gari la gia za mkono, ambalo klachi yake huachiwa kwa kishindo. Tairi la radiali hukaa imara zaidi, halivimbi sana kwa mwendo, na barabarani linatulia. Lakini likianza kuteleza, ni vigumu kulirudisha, na mbio hiyo huwa imekwisha. Kwa gari linalotembea barabarani kila siku ninachagua radiali bila kusita. Kufunga mshazari nyuma na radiali mbele, kama wengi wanavyofanya, hulifanya gari liyumbe kwenye barabara kuu, na mimi sikubaliani nako hata kama umefanya hivyo miaka kumi bila ajali. Tairi kipara la mashindano, lisilo na mfereji hata mmoja, halina nafasi kabisa barabarani, na sheria inasema hivyo hivyo.

Sasa mvua. Mifereji ya tairi ina kazi moja kubwa: kuyatoa maji kati ya mpira na lami. Tairi la dragi lina mifereji michache na mifupi, mara nyingi iliyowekwa ili kutimiza sharti la sheria tu. Maji yakikosa njia ya kutoka, tairi hupanda juu yake kama mtumbwi, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kwa namna ambayo aliyewahi kuionja haisahau. Watafiti wa NASA waliochunguza matairi ya ndege walipata kanuni rahisi: mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani yake. Kwa paundi 30 mwendo huo ni karibu kilomita 91 kwa saa. Kwa paundi 18 ni karibu 71. Kanuni hii inahusu maji ya kina na mifereji isiyosaidia kitu, hali ambayo inalielezea vizuri sana tairi la dragi lililolika nusu.

Tazama basi kinachotokea. Dereva ameshusha upepo saa mbili usiku ili apate muda mzuri. Amefurahi, amepiga picha, amesahau kujaza. Saa nne yuko barabara kuu, mvua imeanza, naye anakwenda kilomita 90 kama magari mengine. Amebeba paundi 18, mpira usio na mifereji, na tairi la nyuma ndilo litakaloelea kwanza. Hata pasipo mvua, upepo mdogo kwenye mwendo mrefu hupasha ubavu joto hadi nyuzi zikaachana.

Baridi nayo ina lake. Mpira huu laini hugeuka mgumu kama plastiki hali ya hewa inapokaribia sufuri, na unaweza kupasuka hata gari likiwa limeegeshwa. Anayeishi Minnesota ayavue matairi haya kabla ya majira ya baridi na kuyaweka ndani. Anayesoma haya akiwa Mombasa au Dar es Salaam hana tatizo hilo, lakini ana masika.

Kwa hiyo, anayekwenda kiwanjani mara mbili kwa mwaka namshauri abaki na matairi mazuri ya barabarani yenye mpira laini kiasi na mifereji kamili. Akifika pale ayazunguke maji ya kulowanishia matairi, asiyakanyage, kwa kuwa mifereji itayabeba hadi kwenye mstari wa kuondokea na kumfanya ateleze. Anayekwenda kila mwezi anunue rimu mbili za ziada zenye radiali za dragi, azibebe kwenye buti, abadilishe kiwanjani. Ni gharama, lakini matairi ya 00 yanayolika kwenye foleni za mjini ni gharama kubwa zaidi. Kabla ya kununua apime kama rimu ndogo inapita breki zake, na akumbuke kuwa tairi la kimo cha inchi 28 badala ya 26 litafanya spidi mita ionyeshe 100 wakati anakwenda karibu 108.

Asome pia tarakimu nne za mwisho wa namba inayoanzia na DOT: 1420 ni wiki ya 14 ya mwaka 2020. Tairi la dragi lililokaa dukani miaka sita linaweza kung'aa kama jipya huku mpira wake umekwisha kukauka.

Na usiku, kabla ya kutoka getini, arudishe matairi ya barabara, ajaze upepo kwa kufuata kibandiko kilichopo mlangoni mwa gari, akaze nati kwa spana yenye kipimo, kisha azikague tena baada ya kilomita themanini.