Fahamu: Titi linavyopunguza maumivu ya chanjo

Siku ya kliniki, iwe Matema au Ipinda, mtoto mmoja akianza kulia kwenye benchi, wenzake hupokea. Mama wengi humtoa mtoto titini kabla ya sindano, kisha humrudishia akishalia. Afadhali asimtoe kabisa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo, na mengi yaliyomo hayana gharama. Mtoto anyonye muda mfupi kabla ya sindano au wakati inaingia: joto la ngozi ya mama, utamu wa maziwa na kule kunyonya kwenyewe humtuliza. Apakatwe. Kulazwa chali mezani humzidishia kilio. Legeza kanga, kichwa chake kiegemee kiwiko chako, paja pekee libaki wazi.

Hili lina uzito hasa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mtoto anapochomwa Penta paja moja na PCV la pili. Matone ya mdomoni yatangulie, na sindano inayouma zaidi, kama PCV, iwe ya mwisho. Muuguzi naye hana haja ya kuvuta bomba kuangalia damu. Kuvuta huko huongeza maumivu.

Usisugue palipochomwa. Usimpe panado kabla ya kwenda kliniki, kwani WHO haishauri.

Mama, jina la mwanao likiitwa, sema tu: "Nesi, naomba achomwe akiwa ananyonya."