Mpira wa Maji Ukigoma, na Ukivuta Bila Kutumwa

Kwa sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, siku ya mgao wa maji ni siku ya kazi. Yakija hujazwa tangi, pipa, ndoo, hata sufuria ya pilau. Yakikatika, kazi inayobaki ni kuyahamisha: kutoka pipani hadi mtungini, kutoka tangini hadi jikoni. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi, hakuna wa kuliinua. Kuchota kwa kikombe nako, kila mtu na mkono wake, ndiyo njia ya haraka ya kuyachafua. Kwa hiyo karibu kila nyumba ina kipande cha mpira wa kuvutia maji.

Swali ninaloulizwa sana na majirani ni hili: mbona jana mpira ulivuta na leo umegoma? Wengine hudhani umezeeka, wakanunua mwingine, nao ukagoma vilevile. Nataka tuelewane jinsi unavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hilo, utaujua ugonjwa wake mwenyewe. Tena kuna jambo kubwa zaidi ya kugoma, nalo nitalifikia.

Nini kinachoyasukuma maji

Mpira wenyewe hauna nguvu. Hewa iliyotuzunguka ina uzito, na inayakandamiza maji ya pipani. Mpira ukiwa umejaa maji, na mdomo wake wa nje uko chini kuliko uso wa maji ya pipani, maji ya upande wa nje huteremka kwa uzito wake. Yakiteremka, hewa inayasukuma ya pipani yapande mpirani kujaza nafasi. Mlolongo huo hauishi mpaka maji yaishe, hewa iingie mpirani, au maji ya vyombo viwili yawe sawa kwa kimo.

Hapa pwani, usawa wa bahari, hewa inaweza kuyainua maji kama mita 10. Nairobi, kwa kuwa iko juu, ni kama mita 8 tu. Ndiyo maana pampu iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji ya kisima kirefu hata iwe na mota kubwa namna gani: kwa vitendo ikipita mita 7 hivi inaanza kuhangaika, na hapo inatakiwa pampu ya kuzamishwa. Na mpira mtupu hauwezi kutoa maji kisimani kuyaleta juu, kwa sababu mdomo wa kutolea lazima uwe chini ya maji yenyewe.

Ukigoma, fuata utaratibu huu

Kwanza, angalia kimo. Usipime kutoka ukingo wa pipa, pima kutoka uso wa maji. Pipa likiwa limejaa, mtungi ulio juu ya kibao utapata maji. Likifika nusu, kibao kile kile kinakuwa juu mno. Hii ndiyo sababu ya "jana ulivuta, leo umegoma" mara nyingi kuliko zote. Dawa ni kuliweka pipa juu ya matofali, au kuuteremsha mtungi sakafuni.

Pili, hakikisha mpira umejaa maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Pumu la hewa likikaa kwenye kilele cha mpira, pale unapopita juu ya ukingo, linaukata mlolongo.

Tatu, tafuta mahali panapoingiza hewa. Hapa ndipo wengi hupotea. Kiungo kikivuja chini ya usawa wa maji, huenda ukaona tone. Kikivuja juu ya usawa huo, hutaona hata unyevu, maana ndani ya mpira msukumo ni mdogo kuliko wa nje, basi maji hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Dalili yake ni mapovu yanayopita mpirani, kisha maji yanapungua na kukatika. Jirani mmoja wa Mtongwe alibadilisha mpira mara mbili, kumbe kasoro ilikuwa kwenye kiungo kikavu kabisa kilichokaa juu ya ukingo. Kata mpira uwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Ikishindikana, kaza kiungo kwa klipu, au kifunge vizuri kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Nne, angalia kama umejikunja. Joto letu hulainisha mpira, na ukiachwa juani hulala bapa kwenye ukingo wa pipa. Upitishe ndani ya kipande cha bomba gumu lililopinda pale penye kona.

Tano, fungua kifuniko. Mtungi uliozibwa kabisa kuuzunguka mpira hauingizi hewa, na bila hewa hakuna kinachoyasukuma maji.

Sita, angalia mdomo wa ndani. Ukigusa sakafu ya pipa utanyonya mashapo na kuziba. Ufunge kwenye kijiti ukae juu ya sakafu kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Ulaya na Marekani wapo wanaotengeneza bia majumbani, na hutumia mpira kama huu kuihamisha bila kutibua masimbi yaliyotuama chini. Wengi wetu bia haituhusu, lakini mpira hauchagui kinywaji: kinachotuama kiachwe kimetuama.

Mdomo wako usiuhusishe

Wengi wetu huuanzisha mpira kwa kunyonya. Kwa maji ya kunywa hiyo ni njia ya kugawana maradhi, na kipindupindu si kigeni katika mji huu. Kuna njia rahisi. Zamisha mpira wote ndani ya maji safi mpaka mapovu yaishe, ziba mdomo mmoja kwa kidole gumba kilichooshwa kwa sabuni, utoe nje, uteremshe chini ya usawa wa maji, kisha uachilie. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa kazi hiyo peke yake, uoshwe, ukaushwe na utundikwe, usitupwe chini uani.

Kwa petroli na mafuta ya taa, sisemi "jihadhari", nasema usinyonye kabisa. Hatari kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Mafuta kidogo tu yakiteleza kwenye njia ya hewa huunguza mapafu, na mtu anaweza kufa. Akimeza, msimtapishe, maana akitapika yanapata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa. Vijana wa bodaboda, tuktuk na mashua, nunueni pampu ndogo ya mkono. Haifiki gharama ya kitanda cha hospitali.

Ukivuta bila kutumwa

Sasa lile jambo kubwa. Mpira haujui kama umetumwa. Ukitimiza masharti, unavuta.

Maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba la kilomita 220 hivi, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Kwa kuwa hayatutoshi, hutolewa kwa mgao. Wakati wa mgao tunachomeka mpira kwenye bomba, mwisho wake tunauzamisha pipani, tunaacha bomba wazi na kwenda kulala. Usiku maji yanakatwa. Yaliyobaki kwenye bomba la mtaa yanateremkia nyumba za bondeni, na bomba linabaki tupu. Sasa hesabu: bomba liko wazi, mpira umejaa, mwisho wake umo ndani ya pipa. Maji ya pipa lako yanavutwa kurudi barabarani, pamoja na uchafu wake, na ikiwa mpira ulikuwa kwenye ndoo ya sabuni au karo la kufulia, na hayo yanakwenda. Mgao ukirudi, wa kwanza kuyanywa ni jirani.

Si hadithi ya kutishana. Chicago, mwaka 1933, mabomba yenye kasoro ya namna hii katika hoteli yalichanganya maji machafu na ya kunywa, na watu karibu 100 wakafa kwa kuhara damu. Hoteli hizo zilikuwa na mafundi. Sisi tuna mabomba yanayokaa matupu siku nyingi za wiki.

Kinga yake haina gharama. Mwisho wa mpira usiguse maji: ufunge juu ya ukingo wa pipa, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja, maji yaanguke yenyewe. Pengo hilo la hewa likiwepo, hakuna kinachoweza kurudi. Funga bomba ukishajaza, na usilale ukiliacha wazi. Maji ya kwanza ya mgao yafulie au yamwage chooni, na ya kunywa yachemshe mpaka yatokote vizuri.

Kwa wenye nyumba nina neno moja. Nyumba ya wapangaji kumi wenye bomba moja uani ni mipira kumi. Fundi anaweza kuweka valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba hilo, na gharama yake ukiigawa kwa vyumba ni ndogo. Tunalalamikia mgao kila siku, na tuna haki, maana maji ni haki yetu kwa Katiba ya 2010. Lakini maji machache tunayopata tusiyatie uchafu sisi wenyewe, kisha tukanyweshana.