Majina ya viumbe tunayo, vitabu vya kuwaeleza viko wapi?

Miezi kadhaa iliyopita niliandamana na wanafunzi wangu wa uzamili hadi Lamu kukusanya msamiati wa mabaharia. Mashua ilipokuwa ikipita kando ya msitu wa mikoko, niliwaonyesha mti mmoja nikasema, “Tazameni mizizi ya mkoko inavyochomoza topeni.” Nahodha aliyeshika usukani akacheka.

“La, mwalimu, huo si mkoko. Huo ni mchu. Mkoko mizizi yake hupinda ikashuka kama miguu ya buibui. Ya mchu hutoka chini ikapanda juu, utadhani ni penseli zimechomekwa.”

Nikanywea. Miaka thelathini na ushei nafundisha lugha hii, na kwangu msitu mzima ulikuwa mkoko tu! Nahodha akaendelea kutuhesabia: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana. Akaja kwenye miti iliyokwisha kukatwa, ambayo nayo hubadilika majina kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wanafunzi waliandika hadi kalamu zikachoka. Kisha mmoja wao akaniuliza, “Prof, haya yote tutayasoma katika kitabu gani?”

Nilimtajia kazi ya Henk Beentje kuhusu miti ya Kenya, iliyochapishwa mwaka wa 1994 na Makavazi ya Kitaifa. Humo mna majina mengi ya Kiswahili na ya lugha nyinginezo za nchi hii. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, tena ya mtaalamu kwa mtaalamu. Kitabu cha Kiswahili ambacho seremala, mama mboga au karani wa benki angekifungua jioni akasoma habari za mchu kwa raha zake, sikuwa nacho cha kumtajia.

Swali la kijana huyo limenirudisha kwenye mfululizo wa vitabu ambao nimekuwa nikiusoma kwa kudokoadokoa tangu nikiwa mwanafunzi. Mfululizo wenyewe ni New Naturalist wa Uingereza. Wazo lake lilizuka mwaka wa 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto na karatasi ikitolewa kwa mgao. Mchapishaji William Collins aliketi na mwanabiolojia Julian Huxley pamoja na Wolfgang Foges, mkimbizi kutoka Vienna aliyekuwa na ujuzi wa kutengeneza vitabu vya picha. Bodi ya wahariri ikaundwa: Huxley mwenyewe, James Fisher wa ndege, John Gilmour wa mimea, mwanajiografia Dudley Stamp, na Eric Hosking wa upigaji picha. Stamp alikuwa tayari amewatumia wanafunzi wa shule, katika miaka ya 1930, kuzunguka nchi nzima wakichora ramani za matumizi ya ardhi. Alijua kwamba mtu wa kawaida akipewa kazi ya maana huifanya.

Vitabu viwili vya kwanza vilitoka mwaka wa 1945. Kimoja, cha E. B. Ford, kilihusu vipepeo. Cha pili, cha R. S. R. Fitter, kilihusu viumbe wa mji wa London. Ford alikuwa msomi wa Oxford aliyebobea katika elimu ya urithi wa viumbe, naye hakumhurumia msomaji: humo humo katika habari za vipepeo aliingiza namna sifa zinavyorithiwa. Fitter kwa upande wake alikuwa amesomea uchumi. Baadaye, mwaka wa 1952, kikaja kitabu cha Miriam Rothschild na Theresa Clay kuhusu vimelea wanaowanyonya ndege, kuanzia viroboto hadi yule ndege mjanja anayetaga katika kiota cha mwenzake ili alelewe mwana. Rothschild hakuwa na shahada ya kusomea chuoni. Yaani bodi haikuuliza tu mwandishi ana vyeti vingapi. Iliuliza kama anakijua kitu chenyewe na kama anaweza kukieleza kwa usahihi mtu ambaye hakisomei mtihani.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni cha Niko Tinbergen kuhusu maisha ya shakwe, kilichotoka mwaka wa 1953. Tinbergen alikuwa Mholanzi aliyehamia Oxford mwaka wa 1949. Kwa hivyo Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake, na pengine hilo lilimfaa. Chukua mfano huu. Shakwe mzazi ana mdomo wa manjano wenye doa jekundu upande wa chini. Kinda akiona njaa hulidonoa lile doa, na mzazi hutapika chakula. Je, kinda huvutiwa na nini hasa? Tinbergen alitengeneza vichwa bandia, hiki kina doa jekundu, kile doa la rangi nyingine, kingine hakina kabisa, akavipeleka mbele ya makinda na kuhesabu madonoo. Doa jekundu lilidonolewa zaidi. Mwaka wa 1973 alikuwa miongoni mwa waliotuzwa Nobel kwa utafiti wa tabia za wanyama.

Sasa hebu rudia aya hiyo. Nimeieleza kwa Kiswahili bila kuunda istilahi hata moja. Mdomo, doa, kinda, donoa, tapika. Sisi wasomi wa Kiswahili tumepigania istilahi kwa miongo mingi, nami nimekaa katika warsha zisizohesabika tukivutana juu ya neno moja kutwa nzima. Sisemi kazi hiyo ni bure. Mwalimu wa biolojia anahitaji neno usanisinuru. Ila istilahi ni jina tu, na msomaji anayeambiwa kwamba jani lina usanisinuru bado hajaambiwa jani linafanya nini.

Nisiwapambe Waingereza kupita kiasi. Baadhi ya vitabu vya mfululizo huo vilikuwa vizito mno kwa msomaji waliyedai kumwandikia. Cha Fisher mwenyewe kuhusu ndege mmoja tu wa baharini kinakaribia kurasa 500. Na kadiri miaka ilivyosonga, mfululizo umevuka vitabu 140 huku nakala za kwanza zikigeuka kuwa mali ya wakusanyaji, zinunuliwe kwa bei ghali na kupangwa rafuni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Huxley aliwahi kuzuru Afrika Mashariki mwaka wa 1929, akitumwa kushauri kuhusu elimu ya biolojia. Collins naye alishiriki kuchapisha Born Free, kisa cha simba Elsa wa Joy Adamson, mwaka wa 1960, na mwaka wa 1963 akatoa mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki na Kati wa John G. Williams. Ni vitabu vizuri, navyo ninavyo. Lakini Mwingereza alipoandikiwa habari za shakwe wake, aliandikiwa kwa lugha yake nyumbani kwake. Zilipoandikwa habari za simba na ndege wetu, sisi tulikuwa wenyeji wa viumbe hao tu. Msomaji alikuwa mgeni.

Tukisema leo kwamba wachapishaji wetu wazibe pengo hilo, tutajibiwa nini? Jibu nalijua, kwa maana nimelipata. Niliporejea kutoka Lamu niliandika sura tatu kuhusu mikoko, nikazipeleka kwa mchapishaji mmoja jijini. Mhariri, kijana mwenye heshima zake, alizisoma akazisifu, kisha akaniuliza, “Prof, hiki ni cha darasa la ngapi?” Nikamwambia si cha darasa lolote. Akatabasamu kwa huruma. Kitabu ambacho hakimo katika mtaala, alisema, hakina mnunuzi. Simlaumu, ana mishahara ya kulipa. Lakini Collins hakuwa na mtaala wa vipepeo, tena vita vilikuwa havijesha alipoanza.

Sura zile ninazo bado. Juma lililopita nilimpigia nahodha simu nikamsomea ya kwanza, neno kwa neno. Alinisikiliza kimya hadi mwisho. Akasema imekaa vizuri, ila neno “matope” nimelitumia mahali palipo mchanga, na mkomafi nimeusahau.

“Andika tena, mwalimu,” akasema, “halafu unipigie.”