KIALAMA KIDOGO, MATATA MAKUBWA

Tazameni neno ng'ombe. Kati yake ipo alama ndogo iliyoning'inia juu, nayo walimu huiita ritifaa. Ukiiacha, neno laweza kugeuka kabisa: kung'oa ni kutoa mti na mizizi yake, lakini ngoa ni tamaa au wivu. Kwetu sisi alama hiyo hutufundisha kutamka. Kwa Waingereza ina kazi nyingine, na katika kompyuta imeleta matata yawezayo kufika hata nyumbani kwako, kwa njia ya jina la mtoto.

KAZI YAKE KWA WAINGEREZA

Waingereza waliipokea kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 16. Kazi yake ya kwanza ni kuonyesha kwamba herufi imeachwa. Maneno "do not" yakisemwa upesi huwa "don't", na ritifaa hukaa mahali pa ile o iliyoondoka. Kazi ya pili ni kuonyesha mwenye mali. "The boy's book" ni kitabu cha mvulana mmoja. "The boys' book" ni kitabu cha wavulana wengi. Alama imesogea hatua moja tu, na wenye kitabu wamebadilika!

Lakini "its", maana yake "-ake", haina ritifaa, na "it's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Hapo hukosea hata Waingereza wenyewe. Mwanafunzi na ajiulize: naweza kusema "it is" au "it has" mahali hapa? Akiweza, aweke ritifaa, asipoweza, aiache.

MATATA YA KOMPYUTA

Kompyuta hujua hesabu tu, kwa hiyo kila alama hupewa namba yake. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha iitwayo ASCII. Humo ritifaa ni namba 39, nayo husimama wima kama ile ya taipureta. Baadaye ikaja orodha kubwa ya lugha nyingi, iitwayo Unicode. Humo ritifaa iliyopinda ni namba 8217, na ile inayohesabiwa kuwa herufi ni namba 700. Kwa macho yetu ni karibu kitu kimoja; kwa kompyuta ni vitu vitatu. Basi karani mmoja akiandika jina Ng'ang'a kwa alama ya wima, na mwingine akilitafuta kwa alama iliyopinda, programu isiyotengenezwa vema itajibu kwamba mtu huyo hayumo.

Tena kuna jambo la pili. Lugha ya SQL, ambayo hutumika sana kutunza daftari za kompyuta, hufunga maandishi kati ya ritifaa mbili. Likiingia jina la Kiairishi kama O'Brien, kompyuta yaweza kudhani jina limekwisha kwenye O, na yanayofuata ni amri. Wezi wamelitumia tundu hilo kuingiza amri zao na kuiba siri za watu. Mafundi wengine huliziba kwa kukataza ritifaa kabisa. Lakini dawa ya kweli ipo: amri ipelekwe peke yake, na jina peke yake, visichanganyike.

Huko Uingereza, mwaka 2024, halmashauri ya North Yorkshire ilitangaza kuondoa ritifaa katika vibao vipya vya majina ya njia, ikitaja daftari za kompyuta. Watu wakanung'unika sana, na mwaka huo huo halmashauri ikageuza shauri lake.

JINA LA MTOTO

Nasi je? Mtoto akiandikwa Ng'ang'a katika cheti cha kuzaliwa, Nganga katika cheti cha shule, na Ng Ang A katika karatasi za benki, siku ya kudai haki yake ataulizwa: wewe ni yupi kati ya hawa watatu?

Kwa hiyo, wazazi, msione haya kumtajia karani jina herufi kwa herufi, pamoja na ritifaa yake. Someni karatasi kabla ya kutoka ofisini. Mkiona kosa, liombewe masahihisho mapema, maana kosa la leo ni rahisi kulifuta kuliko la miaka 20. Jina la mtu halikatwi ili mashine istarehe. Mashine ndiyo itengenezwe ipate kulijua jina.